Mtoto anayemzika mwanasesere wake
Umeuliza, ndugu, iwapo ni dalili mbaya kwamba binti yako wa miaka 4, tangu bibi yake afariki, humlaza mwanasesere ndani ya boksi la viatu, humfunika leso, kisha baada ya dakika chache humwamsha na kumuuliza kama amelala vizuri. Kwa maoni yangu si dalili mbaya hata kidogo. Katika umri huo watoto wengi bado hawajatambua kwamba aliyekufa harudi, na kwa kuwa hawana maneno ya kutosha ya kueleza kinachowasumbua, hukitoa kwa mikono: kwa mchezo, kwa michoro, kwa kubomoa kijumba walichokijenga na kukijenga upya. Mwaka 1920 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza mambo ya nafsi, aliandika habari za mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa akitupa kigurudumu cha mbao kilichofungwa uzi hadi kisionekane, kisha akakivuta tena kwa furaha, mchezo ambao babu huyo aliuhusisha na kuondoka na kurejea kwa mama. Mtoto asiyeweza kumzuia mtu kuondoka huweza walau kuamua kigurudumu kirudi lini.

Usimkatize wala usimsahihishe. Keti karibu naye, taja unachokiona, umwache aongoze. Neno "amelala" tu ndilo ningelikwepa mnapozungumzia kifo, maana mtoto huweza kuanza kuogopa kitanda. Mchezo ukirudiwa kwa majuma mengi bila kubadilika, naye akiumaliza na hofu kubwa kuliko aliyoanza nayo, hapo mpeleke kwa mtaalamu wa watoto.