Maswali ya Wasomaji: CD na sauti kwenye DOS

SWALI: Nina kompyuta ya zamani ya Pentium yenye MS-DOS 6.22 (mfumo endeshi wa Microsoft). Nimefunga draivu ya CD, BIOS (programu ya msingi inayoanza kompyuta ikiwashwa) inaitambua na taa yake inawaka, ila nikiandika D: najibiwa "Invalid drive specification". Je, draivu imekufa?

JIBU: Haijafa, usiitupe. DOS yenyewe haijui kusoma CD mpaka iongezewe vitu viwili. Cha kwanza ni draiva, yaani programu ya kuiwezesha DOS kuongea na draivu; OAKCDROM.SYS inaelewana na draivu nyingi sana za IDE (aina ya kiunganishi cha draivu). Inakili kwenye C:\DOS, kisha ongeza haya ndani ya CONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo DOS hulisoma inapowaka:

DEVICE=C:\DOS\OAKCDROM.SYS /D:MSCD001
LASTDRIVE=Z

Cha pili ni MSCDEX, ambayo tayari unayo kwenye DOS yako. Kazi yake ni kuipa draivu herufi. Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo DOS huzitekeleza inapowaka, andika:

C:\DOS\MSCDEX.EXE /D:MSCD001 /L:D

Litazame vizuri hilo neno MSCD001. Ni jina tu, ungeweza kuweka lingine, lakini lazima lifanane pande zote mbili. Sifuri moja ikipungua upande mmoja, MSCDEX itasema "Device driver not found". Maneno hayohayo hutokea draiva ikishindwa kuikuta draivu, kwa hiyo kompyuta inapowaka soma anachoandika OAKCDROM. Asipotaja draivu yoyote, acha kuhariri mafaili, fungua boksi uangalie kebo na jampa (kibanio kidogo nyuma ya draivu): vifaa viwili kwenye kebo moja haviwezi vyote kuwa Master, yaani kifaa cha kwanza.

Ukitumia SMARTDRV (programu ya DOS ya kuharakisha usomaji wa diski), iweke chini ya mstari wa MSCDEX, la sivyo haitaisaidia CD.

SWALI: Kadi yangu ya sauti, Sound Blaster 16, inapiga muziki wa gemu vizuri, lakini mhusika akianza kuongea, silabi ya kwanza inajirudiarudia kisha mashine inaganda.

JIBU: Tatizo ni IRQ, laini ambayo kadi huitumia kuiita prosesa. Muziki wa FM, unaotengenezwa na chipu ya kadi yenyewe, hauihitaji, ndiyo maana unasikika bila shida. Sauti iliyorekodiwa husafirishwa kipande kwa kipande kwa njia ya DMA (data huhamishwa bila prosesa kuibeba), na kila kipande kikiisha kadi hupiga hodi kwa prosesa kupitia IRQ. Hodi isipofika, kipande kilekile kinarudiwa. Weka kwenye AUTOEXEC.BAT:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

Kisha chagua IRQ 5 na DMA 1 (ndiyo I5 na D1 za mstari huo) kwenye programu ya kuseti gemu pia. Kaa mbali na IRQ 7, ambayo kwa kawaida ni ya LPT1, mlango wa printa. Wengi hukosea hapa: mstari huo unayaambia magemu kadi iko wapi, hauihamishi kadi. Kadi yenyewe iseti kwa programu iliyokuja nayo ili namba zilingane. Na kwa kuwa Pentium ina nafasi za PCI (za kadi za aina mpya zaidi), ingia BIOS uiwekee IRQ 5 alama ya "Legacy ISA", yaani imetengwa kwa kadi za aina ya zamani ya ISA, kadi nyingine isije ikainyakua.