Barua kwa mwanangu: Anza na anayelipa

Mtwara Mikindani

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anauliza kama makopa aliyokutumia yamefika Kurasini salama.

Umeniandikia kwamba msimamizi wako anataka uchague jambo moja kati ya usalama, biashara na utawala katika tasnifu yako juu ya sera ya Tanzania kuelekea Msumbiji, nawe huoni pa kuyatenganisha. Ukaniuliza mimi, niliyetunza vitabu vya chama cha msingi cha korosho hadi nikastaafu, ningechagua lipi. Ningechagua biashara, lakini kwa maana pana kidogo: ningefuata fedha, nikauliza nani analipa, kwa idhini ya nani, na anapata nini.

Tazama mikopo ya jodari. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za umma za Msumbiji zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, kupitia benki za Credit Suisse na VTB. EMATUM ilikuwa ivue jodari, ProIndicus ilinde pwani, na MAM ihudumie vyombo vya baharini. Uvuvi ni biashara, doria ni usalama, na kwa kuwa bunge halikuidhinisha dhamana hizo, na sehemu kubwa ya deni ikafichwa hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, suala zima likawa la utawala. Siri ilipofichuka mwaka 2016, Shirika hilo na wahisani wa bajeti walisitisha fedha zao, na thamani ya metikali, fedha ya Msumbiji, ikaporomoka. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, na mwaka 2024 akatiwa hatiani New York.

Oktoba 2017, katikati ya ukata huo, ndipo waasi waliposhambulia kwa mara ya kwanza Mocímboa da Praia, mji wa bandari wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Sisemi kwamba deni ndilo lililozaa vita, na usikubali mtu akuandikie hivyo kirahisi, kwani Cabo Delgado ilikuwa na manung'uniko yake ya siku nyingi, na mwanzoni mwa mwaka huohuo wachimbaji wadogo wa rubi walikuwa wamefukuzwa Montepuez, Watanzania wakiwemo. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokopa kwa jina la kulinda pwani ilipoteza mji huo wa bandari kwa muda wa mwaka mzima, tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Mtafiti anayehesabu mashambulizi peke yake hawezi kulieleza hilo.

Hata majeshi ya kigeni yafuatilie kwa njia hiyo. Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka askari Julai 2021 kwa makubaliano yake na Maputo. Siku chache baadaye wakaanza kuingia wale wa SADC, wa kwetu wakiwemo. Kikosi cha SADC kilifunga kazi Julai 2024, fedha zikiwa zimepungua na jumuiya ikiwa imeshabeba mzigo mwingine Kongo tangu Desemba 2023. Warwanda walibaki, nao Umoja wa Ulaya ulikuwa umewaidhinishia euro milioni 20 Desemba 2022. Mradi wa gesi wa kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies, wenye thamani ya dola bilioni 20, uko Afungi karibu na Palma, katika eneo walilopewa kulinda. Mtu akikuambia kwamba hayo yalitokea kwa bahati tu, mwombe akuonyeshe hesabu.

Kwa upande wetu wa mto Ruvuma, taarifa nyingi ninazozisoma hutuona pale tu panapolia risasi. Kitaya, kijiji cha mkoa wetu kilicho mpakani, inatajwa kwa sababu ya uvamizi wa Oktoba 2020. Lakini mwaka mmoja kabla, Juni 2019, wakulima wetu waliovuka kulima mpunga waliuawa ng'ambo, na ukitaka kujua kwa nini walikuwa kule utarudi kwenye ardhi, chakula na soko. Hata ghalani ni hivyohivyo: karani huchukua sampuli ya korosho, huzipasua kwa kisu na kutazama kiini, lakini kiini hakisemi kama mkorosho ulikuwa Newala kwetu au Mueda ng'ambo. Bei ya huku ikipanda, magunia huvuka kwa mitumbwi usiku, na wa kangomba, wanunuzi wa magendo, ndio wanaoijua mipaka kuliko sisi tulioandika vitabu. (Kanuni zinazotuunganisha na Msumbiji ni za SADC, maana wao hawamo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, usizichanganye, wengi huzichanganya.)

Kwa hiyo mwambie msimamizi wako kwamba umechagua biashara, kisha mwonyeshe mikopo ya jodari ili aone kwamba usalama na utawala vimo ndani yake. Chuo chenu cha diplomasia hapo Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 kwa mkataba wa nchi hizi mbili, kwa hiyo anza na kumbukumbu za chuo kabla hujafikiria nauli ya kwenda kutafiti Pretoria, Afrika Kusini. Kisha njoo Mtambaswala, huku mpakani, msimu wa korosho ukiwa na kibali cha utafiti mkononi, kwa sababu bila hicho hakuna mtendaji wa kijiji atakayekubali kuzungumza nawe habari za mpakani, hata akijua wewe ni binti yangu.

Baba yako