Kumweleza mtoto neno la Kiingereza kwa maneno anayoyajua

Watoto ninaowafundisha tuisheni, wengi wao wa darasa la tatu na la nne, huja na daftari lililogawanywa kwa mstari: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. "Hand", mkono. "Arm", mkono. "Leg", mguu. "Foot", mguu. Daftari halina kosa, lakini uliza tofauti ya "hand" na "arm" uone darasa zima linavyotazama dari.

Maneno ya mwili usiyaandike kwanza, yaguse. Kuanzia begani hadi kwenye kifundo ni "arm". Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole ni "hand". Vidole vya mkononi "fingers", vya miguuni "toes". Imekwisha. Halafu wape "rice", maana hapo sisi ndio matajiri: mpunga shambani, mchele dukani, wali kwenye sahani, na Kiingereza kina neno lilelile moja. Watoto huipenda sana hiyo.

Vitenzi ndivyo vinavyosumbua. Tunasema "niazime kalamu", na pia "nimeazima kalamu kwa Asha", kitenzi kilekile pande zote mbili. Mtoto ataijuaje "borrow" na "lend" kwa tafsiri ya neno moja? Mimi humpa sentensi nzima yenye mtu ndani yake: "When you borrow a pen, you take it, you use it, and you give it back." Kisha kalamu yenyewe ipite kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na anayetoa aseme "I lend", anayepokea "I borrow". Mtindo huu wa sentensi nzima sikuubuni mimi. Kamusi ya Kiingereza iitwayo COBUILD, ya mwaka 1987, iliandikwa hivyo.

Kila neno ndani ya maelezo liwe tayari analijua. Mwingereza Michael West, aliyefundisha Bengal huko Bara Hindi, alitoa kamusi mwaka 1935 iliyoeleza maelfu ya maneno kwa kutumia maneno 1,490 tu. Wewe huhitaji kuhesabu. Pitia tu sentensi yako kabla ya kuisema; ukikuta "magnitude" ndani ya maelezo ya "big", futa.

Yasiyoshikika, kama "honest", naanza na Kiswahili bila aibu: mtoto ametumwa dukani, chenji imezidi, akairudisha. Halafu ndipo Kiingereza. Zipo shule zinazokataza Kiswahili hata kwenye maelezo. Nyumbani kwako sheria hiyo haikuhusu.

Ukimaliza usiulize "umeelewa?" Utajibiwa "ndiyooo", hata na aliyekuwa anasinzia. Muulize swali la kipuuzi: "Can I borrow your banana and eat it?" Akicheka na kukataa, nendeni neno jingine. Akisema "yes", kalamu itoke tena.