Manesi wapya wa kliniki, chanjo za njiti hesabuni toka siku aliyotoka tumboni

Nyie mnaoanza kupangwa kliniki ya mama na mtoto, hii naiandika mana mimi mwenyewe niliichemsha mwaka wangu wa kwanza. Alikuja mama na njiti wake, kamfunga kanga mbili na kofia ya sufu juu, wiki sita kamili toka azaliwe, mzani ukasoma kilo 2.3. Nikauangalia mzani, nikakaangalia kapaja kenyewe kama kidole gumba changu, nikamwambia mama mrudishe akishanenepa kidogo. Akarudi miezi miwili baadae, sehemu ya penta (chanjo ya magonjwa matano, kifaduro kikiwemo) kwenye kadi iko tupu kabisa. Inchaji, yaani msimamizi wetu, akaniuliza, "Kwani kifaduro kinasubiri mtoto afike kilo nne?"

Sikuwa na jibu.

Kinachotuchanganya wengi ni umri. Mtoto kazaliwa tarehe 1 Machi na wiki 30 za mimba, tarehe 12 Aprili ana wiki sita, basi, chanjo za penta, nyumonia, rota (ya kuhara) na polio ya matone zinamhusu siku hiyo kama mtoto mwingine yeyote, hata kama kwa hesabu ya mimba angekuwa bado yuko tumboni na mwezi mzima mbele yake. Ile hesabu ya kutoa wiki ambazo hakuzimaliza iacheni kwenye kufuatilia ukuaji, mambo ya kukaa na kutambaa, kwenye chanjo haina kazi. Na yeye ndo anaihitaji zaidi, kwa sababu kinga ya mama inapita kwa wingi kwenye kondo miezi mitatu ya mwisho, sasa huyu katoka kabla mzigo haujashushwa.

Dozi ya sindano za penta na nyumonia ni ileile, 0.5 ml. Nimeshakuta mtu anampunguzia "kwa huruma", jamani hiyo sio huruma, unampa maumivu ya sindano alafu kinga haitoshi. Matone anza nayo, sindano ziwe za mwisho, paja libane taratibu kwa vidole viwili upate nyama, na mama amtoe kanga amlaze kifuani ngozi kwa ngozi, ukimaliza tu anyonye.

Ila kuna wa kuwa nao makini. Waliozaliwa na wiki 28 au chini, hasa ambao bado wako wodini, wanaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa baada ya chanjo, kwa hiyo hao wachanjwe wodini na waangaliwe siku mbili tatu, pumzi na rangi ya midomo. Sio sababu ya kuahirisha mpaka wakienda nyumbani, kinyume chake, hapo ndo mahali salama pa kuwachanjia.

Na BCG, chanjo ya kifua kikuu. Njiti wengi wanatoka wodini bila hiyo mana ilisubiriwa wapate nguvu kwanza, alafu wakaruhusiwa na kila mtu akajua mwenzake kachoma. Kadi ikifika mezani kwako angalia mstari huo kwanza. Alafu ntakwambia ukweli, chupa ina dozi 20 na ukishaichanganya mwisho masaa sita unaitupa, ndo mana mama anaambiwa "njoo Alhamisi watoto wakiwa wengi", Alhamisi nauli hana. Mimi siku hizi nachukua namba yake ya simu, tukijua tunafungua chupa nampigia jana yake jioni.