Uliza Fundi: Umeme Ukirudi Msikimbilie Swichi

SWALI: Fundi shikamoo. Mi natunza seva na mtandao kwenye maabara moja ya utafiti hapa Moshi, tunashughulika na vijidudu vya magonjwa. Tumeletewa barua kwamba Jumamosi ya wiki ijayo umeme utakatwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, wanabadilisha transfoma ya mtaa wetu. Jenereta yetu ni ndogo, inabeba friza na taa za koridoni basi. Mwaka jana walivyokata hivihivi, kuzima tulizima vizuri tu, ila kuwasha ndo ilikuwa balaa, Jumapili nzima na Jumatatu hadi mchana watafiti wamenikalia kichwani, seva zinawaka lakini hazionani, programu ya leseni inagoma, friza zikaangusha breka mara mbili. Safari hii bosi anataka Jumatatu saa 2 asubuhi kila kitu kiwe hewani. Nianzie wapi?
Dada wa Seva, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuzima hata mlinzi anaweza, anashusha meni swichi anarudi kwenye kiti chake. Kuwasha ndo kuna mpangilio, na mpangilio wenyewe inabidi uandikwe Alhamisi au Ijumaa wakati kila kitu bado kinafanya kazi, tena uandikwe kwenye karatasi. Nasisitiza karatasi kwa sababu niliwahi kuitwa maabara moja huku Arusha, jina silitaji, wana mwongozo wa kuwasha mzuri kabisa, umepangiliwa na picha, sasa umehifadhiwa wapi? Kwenye seva iliyozimwa. Paswodi zote ziko kwenye programu ya kutunza paswodi, nayo iko kwenye seva hiyohiyo, na mlango wa chumba cha seva unafunguliwa kwa kadi, na kimashine cha kadi kinaomba ruhusa kutoka... unajua kinaomba wapi. Tulikaa koridoni tunakula karanga mpaka akapatikana mzee wa stoo mwenye ufunguo wa kawaida. Kwa hiyo chapa kurasa zako, weka moja kwenye mkoba wako na nyingine kwa mlinzi, na ufunguo wa chuma uujue uko kwa nani.

Sasa hizo seva zako zinazowaka bila kuonana. Nina wasiwasi na vitu viwili. Cha kwanza, seva nyingi zina mpangilio ndani yake unaosema umeme ukirudi jiwashe mwenyewe. Siku ya kawaida ni raha, siku kama hiyo ni mkosi, maana zinaamka zote kwa mpigo kila moja inamtafuta mwenzake ambaye hajaamka bado, inachoka kusubiri, inakaa hivyo nusu hai. Ukishazima kila kitu kwa utaratibu, shusha breka za raki (lile kabati la seva) au chomoa kabisa, umeme ukirudi wasiamke mpaka uwaamshe wewe. Na UPS, yale masanduku ya betri yanayoshikilia umeme ukikatika, nazo zizime kabisa baada ya seva kuzima, usiziache zinalia peke yao hadi betri ziishe, zile betri za risasi ukizinyonya mpaka sifuri hazirudi kama zilivyokuwa.

Cha pili ni DNS, yaani kile kitabu cha simu cha mtandao, kinachojua jina la seva hii lina namba gani. Maabara nyingi sikuhizi DNS yenyewe ni seva pepe inayoishi ndani ya seva kubwa, na data za ile seva kubwa ziko kwenye storeji (mashine ya diski za kutunzia data), na ile seva kubwa inamtafuta storeji kwa jina, na jina analijua nani? DNS. Ambaye hajawaka kwa sababu storeji haijapatikana. Unaona mduara huo? Miaka yote haukusumbui kwa sababu hujawahi kuzima vyote kwa pamoja, siku ukizima ndo unagundua kumbe nyumba ilijengwa na ufunguo ndani. Dawa ni mbili, ama uweke DNS moja kwenye kikompyuta chake kidogo kinachojitegemea, ama kwenye seva kubwa uandike storeji kwa namba badala ya jina. Fanya wiki hii, usisubiri Jumamosi.

Ukishamaliza hilo mpangilio unakuja wenyewe tu: swichi za mtandao na rauta kwanza, halafu DNS na seva ya saa, halafu storeji uisubiri mpaka iseme iko tayari kabisa (usiridhike na taa ya kijani, ingia uangalie diski moja moja), halafu databesi, halafu ile seva ya leseni, halafu klasta ya kukokotoa (zile kompyuta nyingi zinazofanya hesabu kwa pamoja), na kompyuta za watu mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume chake. Na kabla hujazima swichi za mtandao hakikisha mipangilio imesevwa, kuna fundi hubadilisha kitu mwezi wa tatu kinafanya kazi anaondoka zake hajasevu, swichi inakikumbuka kwa kuwa haijawahi kuzimwa, siku ikizimwa inaamka na akili za mwaka juzi. Nimeshalala maabara kwa ajili ya hilo mara moja, sirudii.

Bakapu siisemi sana, unajua. Ila diski iliyozunguka miaka mitano bila kusimama, ukiisimamisha ikapoa kuna siku haiamki tena, kwa hiyo Ijumaa usiangalie tu kwamba bakapu ipo, rudisha faili moja ulifungue uone linasomeka. Na diski za akiba mbili tatu uwe nazo mezani.

Haya, turudi kwenye umeme wenyewe, maana hapa ndo naona maabara nyingi zinaumia. Wamesema wanabadilisha transfoma. Transfoma ikibadilishwa, fezi tatu, yaani zile nyaya tatu zinazoleta umeme, zinaweza kurudi mbili zimebadilishana nafasi. Taa haitajua, kompyuta haitajua, mita ya kupimia volti itakuonyesha 230 safi na wewe utashangilia, ila kila mota ya fezi tatu itazunguka kinyumenyume. Niliiona kwa macho, feni ya ukutani iliyokuwa inatoa hewa ikaanza kuingiza, vumbi lote la nje likaja usoni kwetu, na pampu ya maji inaunguruma vizuri tu ila bombani yanatoka matone. Kompresa za aina fulani zikizunguka kinyume zinapiga kelele ya ajabu na hazipoozi chochote. Kurekebisha ni kazi ndogo, fundi wa umeme mwenye leseni anabadilishana nyaya mbili kati ya tatu basi, lakini lazima ujue kabla hujawasha kompresa. Kwa hiyo omba namba ya simu ya msimamizi wa wale mafundi mapema, na msiwaache wapande gari lao kabla fundi wenu hajapima pale kwenye meni swichi: fezi kwa fezi kama 400, fezi kwa nyutro kama 230 kwenye zote tatu, na mzunguko wa fezi uwe uleule wa zamani (apime Ijumaa pia ili awe na cha kulinganisha). Ukiona fezi moja iko juu sana na nyingine iko chini sana, nyutro imelegea huko, msiwashe hata taa ya choo. Wakishamaliza subirini nusu saa. Umeme wa siku ya matengenezo mara nyingi unarudi, unakata, unarudi tena, na kila ukikata kompresa zinaumia.

Friza zako kuangusha breka nadhani nimekuelewa. Jenereta inazibeba, sawa, ila umeme ukirudi ile swichi ya kuhamisha inazitoa zote kwenye jenereta na kuzirushia kwenye laini kwa sekunde moja, kompresa zote zinaanza upya kwa pamoja, na kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Breka lazima ianguke. Kabla ya kuhamisha, shusheni breka za friza zote, hamisheni, halafu pandisheni moja moja, mkipumzika dakika tano hivi kati ya moja na nyingine. Kiyoyozi cha chumba kitangulie, maana friza ya nyuzi joto hasi 80 inatapika joto kama jiko na Moshi mnajua wenyewe kulivyo, chumba kikichemka friza inapambana bure. Na jamani milango isifunguliwe, kila mtu anataka kuchungulia sampuli zake ziko salama, kule kuchungulia ndo kunaziharibu.

Mashine zinazofanya kazi kwenye vakyumu, kama mnayo ile ya kupima uzito wa molekuli, mwambie mwenye nayo aje Jumamosi hiyohiyo jioni, pampu zinahitaji saa nyingi, mara nyingine usiku mzima, kutoa hewa mpaka iwe tayari. Akija Jumatatu asubuhi ataanza kazi Jumanne na lawama utabeba wewe.

Halafu kitu kidogo, kama mna watafiti wageni, kwenye ile tafsiri ya barua waandikie 9:00 hadi 17:00. Najua mgeni mmoja alisoma "saa 3" akaja kuzima mitambo yake usiku wa manane, akarudi kulala, asubuhi saa 3 yetu akawa amelala fofofo na mashine nyingine alizosahau zinazimika zenyewe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu katuma kwamba ukiweka kikombe cha maji kwenye friza kikaganda, ukaweka sarafu ya mia mbili juu, umeme ukikatika muda mrefu utajua kwa kuangalia sarafu imezama au la. Sisi hapa Ngaramtoni tuna friza za sampuli, je inafaa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kwa nyama ya mama nyumbani inafaa sana, hata kwangu ipo. Kwa sampuli inakudanganya. Barafu inayeyuka kwenye nyuzi 0, kwa hiyo sarafu ikizama maana yake friza ilifika 0 ikakaa huko muda wa kutosha, na hapo hata bila sarafu ungejua kwa harufu. Friza ya hasi 80 inaweza kupanda hadi hasi 10, ikakaa usiku mzima, ikashuka tena, sarafu bado imekaa juu inakutazama, na RNA yako (ile molekuli ya vinasaba inayoharibika upesi) imeshakwenda na maji. Nunueni data loga yenye betri yake yenyewe, inaandika joto kila dakika kadhaa iwe umeme upo au haupo.

Friza iliyojaa inatunza baridi kuliko iliyo tupu, kwa hiyo mapengo yajazeni chupa za maji, zisijazwe mpaka juu zitapasuka, na msiziingize zote za moto siku moja. Mkitumia barafu kavu, ile ya hasi 78, chumba kiwe na hewa, ile inageuka gesi ya kabonidayoksaidi na kwenye chumba kidogo kilichofungwa mtu anaanguka kabla hajaelewa. Mitungi ya naitrojeni kimiminika haihitaji umeme kabisa, nyuzi hasi 196 inakaa yenyewe ilimradi inaongezwa, zile sampuli msizoweza kuzipata tena zikae humo.

SWALI: Kompyuta ya mashine yetu kila umeme ukikatika inarudi mwaka wa zamani huko, matokeo yanajipanga ovyo. Virusi?
Mwanafunzi, Tengeru

JIBU: Hapana, betri. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kama kifungo cha koti, volti 3, kimeandikwa CR2032, ndo kinachoshika saa umeme usipokuwepo. Kimekufa. Mafundi saa wa mjini wanavyo, zima, chomoa waya, badilisha, weka saa upya. Usikidharau, maana mifumo mingi ya kuingilia kwenye mtandao wa ofisi inakukataa saa zikipishana zaidi ya dakika 5, utahangaika na paswodi ambayo haina kosa lolote. Ila ukiona imepishana saa 3 kamili bila dakika, hapo betri haina kesi, kompyuta imewekwa kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele yake, ibadilishe kwenye mipangilio.

SWALI: Fundi, ngedere wa huku kwetu wanacheza juu ya transfoma inayolisha maabara, wenzangu wanacheka tu. Nina haki ya kuogopa?
Mwoga, Usa River

JIBU: Unayo. Mwaka 2016 pekee, mwezi wa Aprili mnyama mdogo jamii ya kicheche aligusa transfoma ya kilovolti 66 pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ile mashine yao ya mduara wa kilomita 27 ikasimama siku kadhaa. Mwezi wa Juni jirani zetu Kenya, tumbili akaangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, nchi karibu nzima ikakaa gizani kwa masaa. Huyo wa CERN alikufa. Wa Gitaru alitoka mzima, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Kata matawi ya mti unaowapandisha, na pale juu mwachie mwenye transfoma yake, mpigie simu.