Ushauri kwa Wanaosafiri Kutoka Mombasa Wakitaka Kumwona Panda Mwekundu

Jirani wa hapa Mombasa anapopata safari ya Ulaya, watoto wake humwagiza picha ya panda mwekundu, yule mnyama wa rangi ya kutu wanayemwona kwenye video za simu. Kazi ya ubaharia imenifikisha Rotterdam mara kadhaa, na kila nilipopata ruhusa ya kushuka melini nilikwenda Blijdorp, bustani ya wanyama ya mji huo. Huko nimewaona wageni wengi wakisimama kidogo mbele ya uzio wake, kisha wakaondoka wakilalamika kwamba hapana kitu ndani. Ushauri wangu ni kwamba umjue kwanza alivyoumbwa, ndipo upange saa ya kwenda.

Kwao ni misitu ya milimani ya Nepal, India, Bhutan, Myanmar na China, kwenye ukungu na baridi. Manyoya yake ni mazito na yamefunika hata nyayo, kwa hiyo joto likizidi nyuzi 25 huanza kutaabika. Sisi tuliozoea jua la kaskazi, linalopita nyuzi 30, huona mchana wa Julai wa Uholanzi kuwa mwanana, ilhali kwake hiyo ni saa ya kujilaza. Nenda mapema lango linapofunguliwa, au jioni, au bora zaidi uende wakati wa baridi ukiwa na koti zito. (Wanaoniuliza kwa nini Haller Park isimlete huyu pale Bamburi nadhani wameshapata jibu.)

Jambo la pili ni chakula. Wengi humdhania kuwa mtoto wa panda mkubwa mweusi na mweupe, lakini yule ni dubu, na huyu, mwenye kilo 3 hadi 6 tu, amebaki peke yake katika familia yake. Tena ndiye aliyetangulia kuitwa panda: Mfaransa Frédéric Cuvier alimweleza kitaalamu mwaka 1825, na panda mkubwa akafuata mwaka 1869. Wote wawili hula mianzi, na wote wana mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka ukawa kama kidole gumba cha kushikia matawi. Hata hivyo utumbo wa panda mwekundu ni mfupi, wa mnyama wa jamii ya walao nyama, na sehemu kubwa ya majani anayokula hupita bila kumeng'enywa. Ndiyo maana hula kwa saa nyingi na kulala kwa saa nyingi. Muulize mtunzaji ni wakati gani wanaleta mianzi mipya, kwani hapo ndipo utakapomwona akitembea.

Ukifika, inua macho juu. Tumbo na miguu yake ni myeusi, na kwa anayemtazama kutoka chini hupotea kabisa katika kivuli cha matawi. Mara nyingi mkia wenye pete ndio unaomfichua. Siku ya joto hulala kifudifudi juu ya tawi, miguu ikining'inia. Siku ya baridi hujikunja na kujifunika uso kwa mkia. Mimi hupenda kungoja mpaka ashuke, kwa sababu vifundo vya miguu yake ya nyuma hugeuka kiasi cha kumwezesha kuteremka mti kichwa kikitangulia, jambo ambalo paka hawezi.

Kuhusu zile video anaposimama kwa miguu miwili na kuinua mikono, watu hucheka wakidhani anacheza. Anaogopa, na anajikuza ili amtishe anayemkabili. Akikufanyia hivyo, rudi nyuma na unyamaze.

Ukienda kati ya Juni na Agosti, huenda usimwone jike kabisa. Hupata joto la uzazi mara moja kwa mwaka na kwa muda mfupi sana, huzaa mwanzoni mwa kiangazi, na akisumbuliwa na kelele huwabeba watoto kwa mdomo kutoka kiota kimoja hadi kingine. Kwa hiyo bustani humwekea masanduku kadhaa na kumwacha. Watoto hukaa ndani kwa takriban miezi mitatu, basi anayetaka picha yao aahirishe mpaka Oktoba.

Usishangae pia ukirudi mwaka mwingine ukakuta panda tofauti. Daftari la kimataifa la nasaba zao hutunzwa hapo hapo Rotterdam, na wanyama huhamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine ili ndugu wa damu wasizalishane.