Barua kwa mwanangu: hukuwa mzito

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache vitabu ubaki na rekodi za mihadhara tu, kwa kuwa hojaji mliyojazishwa chuoni imekuita mwanafunzi wa kusikia, yaani anayejifunza vizuri zaidi kwa kusikiliza. Halafu ukagusia kidogo kwamba wenzako wakifumba macho huona picha, wewe huoni kitu. Je, ndiyo sababu ulikuwa mzito darasani?

Nianze na hilo la mwisho, maana limeninyima usingizi. Mwaka 1880 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa asubuhi ile. Wapo walioiona kana kwamba iko mbele yao. Wengine, wakiwemo wanasayansi, hawakuona chochote. Walidhani “kuona akilini” ni namna ya kusema tu. Mwaka 2015 daktari wa ubongo Adam Zeman na wenzake wakaipa hali hiyo ya kutoona picha akilini jina, afantasia. Si ugonjwa.

Unakumbuka ule mchemraba? Umepakwa rangi nje kote, ukakatwa vipande 27 vilivyo sawa. Vingapi vina rangi pande tatu? Kaka yako alifumba macho akasema vinane. Wewe ulichukua kalamu, ukaandika “pande tatu hukutana penye pembe”, ukahesabu pembe, ukapata vinane pia. Mimi nikakwambia, “Mwenzako kashamaliza zamani.” Nilipouliza vyenye rangi pande mbili, picha ilimvurugika kaka yako, akabahatisha. Wewe ukaandika: kingo 12, kila ukingo una kipande kimoja katikati. Vipande 12. Ulikuwa sahihi, na sikukusifu. Nilikuwa napima haraka tu. Nisamehe, mama.

Sasa hojaji. Ni kweli watu hupendelea njia tofauti. Lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwepo, wakakosa ushahidi wa kutosha kwamba anayeitwa wa kusikia huelewa zaidi akifundishwa kwa kusikia. Mara nyingi somo lenyewe ndilo linaloamua: matamshi lazima uyasikie, ramani lazima uitazame. Kwa hiyo vitabu usiviache hata kidogo.

Rekodi isikilize, kisha izime, uandike ulichokumbuka bila kuchungulia. Hilo humfaa mwenye picha na asiye nazo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima hivyo walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu.

Na ule mchoro wa moyo unaokutesa, usihangaike kuuona kichwani. Uandike kama safari, ulivyofanya kwa zile kingo: damu inaingia chumba cha juu kulia, inashuka chumba cha chini, inakwenda mapafuni, inarudi chumba cha juu kushoto… Malizia mwenyewe, unitumie niusome. Safari hii sitakuharakisha.

Mama yako